Shangazi Ajibu: Huyu wa Kwenye Karai Ni Nani?

Shangazi, shikamoo. Nilimwokota kobe kando ya ziwa pale Dunga mvua ilipokatika. Wiki ya pili hii ananuna ndani ya karai. Sukuma wiki hataki, nyanya hataki. Nikisogea anageuza uso pembeni, nikimshika ananuka. Mume wangu asema ni kasa. Mama mkwe asema opuk ni opuk. Nani mkweli?
Aliyesusiwa, Nyalenda

Marahaba, mwanangu. Mumeo tumweke kando kwanza. Kasa ni wa baharini, ana makasia badala ya miguu. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, lakini sijasikia kasa aliyekata tiketi.

Mama mkwe kakaribia, ila opuk, yaani kobe kwa Kijaluo, nao wana koo zao. Kobe wa nchi kavu huvuta kichwa moja kwa moja ndani, kama mzee anayejifunika blanketi. Wako huilaza shingo ubavuni, chini ya ukingo wa gamba. Hakununii, ndivyo alivyoumbwa. Huyo ni kobe wa maji, na vidole vyake utaviona vina utando.

Sasa mpindue kidogo, kwa adabu. Gamba la tumbo likiwa na bawaba upande wa mbele, likafunga kama mlango wa kibanda, ni jamii ya Pelusios. Mmoja wao, Pelusios williamsi, ni mwenyeji wa ziwa letu. Likiwa gumu lisilo na bawaba, ni Pelomedusa, na harufu hiyo yanipeleka huko: akitishwa hutoa majimaji yanayonuka. (Bawaba ukiikuta mgongoni, kwa nyuma, huyo ni Kinixys wa nchi kavu, na barua yako ingekuwa nyingine.) Wa maji hawa hula samaki, vyura na wadudu. Umemwandalia sukuma wiki mtu wa omena, halafu unashangaa kususiwa!

Kumfuga je? Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kukaa na mnyama wa porini bila kibali, hata akilala kwenye karai lako mwenyewe. Watu wa KWS, shirika la wanyamapori, wako pale Hifadhi ya Impala, jirani na Dunga ulikomtoa. Wapelekee kabla hawajakujia.

Karai lisugue kwa sabuni, mikono pia. Kobe hubeba vijidudu vya kuharisha. Na shuka za mama mkwe zisiwe za kwanza kufuliwa humo.

Kwa "Mwenye Opuk wa Miaka Mia", Kondele: mistari ya gamba hufuata misimu ya shibe na njaa, si kalenda. Keki irudishe dukani.