Minofu ya Mbwa, Mifupa Yangu

Huku kwetu Liparamba mbwa hafugwi kwa mapenzi. Mbwa ni mwajiriwa. Pori la Akiba ni jirani yetu, ng'ambo ya Ruvuma ni Msumbiji, na humo kati wanaishi nyani wanaoijua kalenda ya mahindi kuliko bwana shamba. Usiku zamu wanashika nguruwe pori. Asiye na mbwa huvuna mabua. Kwa hiyo shemeji yangu wa Mbinga aliponipa mtoto wa mbwa nikamwita Mgambo, nikamjengea kibanda nyuma ya jiko na kumsomea masharti ya kazi: ugali wa muhogo uliolala, kichwa cha usipa siku ya bahati, na makombo yoyote yatakayoanguka kihalali.

Mgambo hata kubweka hajakujua sawasawa, akaanza kuugua. Kilichomponza ni machicha ya komoni yaliyomwagwa nyuma ya kilabu. Alikula akashiba, akarudi nyumbani akienda upande upande, akalala. Alfajiri tumbo likafunguka. Sitaeleza zaidi, wengine mnasoma mkiwa mezani. Niseme tu kwamba mama watoto aliufagia ua wote huku akinitazama mimi, wala si mbwa.

Bwana mifugo akaja na pikipiki yake. Kazi anaijua, hilo simnyimi. Alimfunua Mgambo midomo akakagua fizi, kisha akaivuta ngozi ya shingo kwa vidole viwili na kuiachia. Ikirudi polepole, alisema, mwili umeishiwa maji. Ikarudi upesi. Akauliza: kuna damu kwenye choo? Anatapika kila anachokunywa? Amelegea hata kusimama hawezi? Hapana, hapana, hapana. Basi haielekei kuwa parvo, akasema, akanieleza kuwa hicho ni kirusi kilichoenea duniani mwaka 1978, kinaua watoto wa mbwa kwa haraka, na mbwa akikipata usipoteze muda jikoni, mkimbize kwa daktari wa mifugo akatundikiwe maji. Nikashusha pumzi. Nilidhani mabaya yamepita.

"Mzee, huyu tumbo limechafuka tu. Mpe chakula laini kisichomsumbua."

"Uji?"

"Wali."

Nikamwomba arudie.

"Wali," akarudia, "na kuku."

Jamani! Kwangu mimi wali na kuku ni Krismasi. Ni kipaimara, ni harusi, ni mgeni wa kutoka Dar es Salaam, tena aliyetoa taarifa mapema. Mimi nikilazwa na malaria napewa uji wa chumvi na pole. Leo kiumbe aliyeugua kwa kula machicha ya pombe anaandikiwa pilau la wagonjwa!

Pilau lenyewe lina masharti. Kuku achemshwe bila ngozi, bila mafuta, bila chumvi. Kitunguu marufuku, na kitunguu swaumu vilevile, kwa sababu vinaharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mchele uive mpaka uwe bokoboko. Fungu moja la nyama kwa mafungu mawili ya wali, apewe kidogo kidogo, mara nne kwa siku, maana mtoto wa mbwa akishinda na njaa sukari hushuka mwilini na anaweza kuzimia. Maziwa asipewe, yatazidisha kuhara. Maji safi yawepo muda wote.

Nikajaribu kujiokoa. "Usipa je, bwana mifugo? Usipa tunao."

Akasema usipa mkavu una miiba na mchanga. Kama nina samaki mbichi wa ziwani, magege kwa mfano, achemshwe, atolewe ngozi na miiba yote, atafaa. Shauri jema, ila samaki mbichi wa Mbamba Bay hadi afike huku kwetu yeye amechoka, bei yake ndiyo kwanza ina nguvu.

Kuku tuliyekuwa naye alikuwa jogoo mmoja wa wakwe. Binti yetu mkubwa kachumbiwa, wazee wa upande wa pili wanatarajiwa, na kwa ajili yao tulikuwa tumeweka jogoo huyo pamoja na mchele wa Kyela uliovuka ziwa kwa meli. Mchele ulining'inizwa darini panya wasiufikie. Panya kweli hawakuufikia.

"Baba," mama watoto akasema, "mbwa ni wako, jogoo ni wa wakwe. Amua wewe nani alale njaa." Kisha akachukua kisu bila kusubiri uamuzi, kwa sababu ndiye anayeufagia ua.

Sasa angalieni mgawo ulivyokwenda. Minofu ya kidari, iliyochambuliwa nyuzi nyuzi, ikaenda kwa Mgambo. Ngozi hairuhusiwi kwake, ina mafuta. Mifupa hairuhusiwi, kwa kuwa ikishaiva inapasuka vipande vyenye ncha na kumchoma utumbo. Basi ngozi, shingo, miguu na mifupa, vitu ambavyo tangu enzi za babu ni haki ya mbwa, vikaletwa mezani kwangu mimi mwenye nyumba. Nikawa natafuna shingo huku natazama nje, na Mgambo naye anatazama ndani, kama bosi anayekagua wafanyakazi.

Watoto nao hawakuchelewa. Mdogo akajishika tumbo, akajikunja, akadai naye linauma. Mama yake akampakulia kutoka sufuria ileile: bokoboko, haina chumvi, haina kitunguu, haina hata dalili ya mafuta. Akapeleka kijiko kimoja mdomoni, akapona papo hapo, akaomba ugali.

Mzee jirani alipita akachungulia bakuli la mbwa, akavua kofia. "Mwanangu," akaniambia, "nafasi nyingine ya mbwa ikitokea hapa kwako, usinisahau."

Tumbo la Mgambo likatulia. Ndipo ikaja kazi ya kumrudisha kwenye ugali, na hiyo nayo ina utaratibu: unachanganya kidogo leo, unaongeza kesho, mpaka wali uishe, kwani ukibadili ghafla tumbo linaweza kuchafuka upya. Mgambo hakuafiki. Alikuwa anaokota wali punje kwa punje na kuuacha ugali pembeni ya bakuli, msafi, umepangika. Asubuhi nyani wakapita ukingoni mwa shamba. Akawatazama, akapiga miayo. Wao hawakuwa wameandikiwa chakula laini. Walikula mahindi yangu mabichi.

Bwana mifugo akarudi na dawa ya minyoo. Akasisitiza chanjo pia, ya kichaa cha mbwa kwanza, halafu ya parvo na distempa. Nilipoanza kuhesabu gharama kwa sauti akanikumbusha Serengeti mwaka 1994: distempa, ugonjwa wa mbwa, iliwaingia simba ikaua wapatao 1,000, karibu theluthi moja ya simba wa kule. Baada ya hapo mbwa wa vijiji vya jirani wakaanza kuchanjwa. "Na wewe unaishi mlangoni mwa pori, mzee. Mbwa wako akiugua, haugui peke yake."

Hapo sikuwa na la kujibu. Nikakubali sindano zote. Nikauliza jambo moja tu: baada ya kuchomwa sindano, mgonjwa huyu atakula nini?

"Chochote alichozoea," akasema.

Nikamletea karatasi na kalamu, nikamwomba aliandike neno hilo, aweke sahihi, na kama ana muhuri agonge.