Ukumbi Usiotaka Vigelegele

Uingereza na Wales kwenye ndoa wamo watatu: bwana, bibi na jengo. Wawili wa kwanza hupatana wao wenyewe kwa mapenzi. Wa tatu ndiye mwenye karatasi. Sheria ya huko haiachi watu wafunge ndoa ya serikali popote roho zao zipendapo. Jengo kwanza likaguliwe, lipewe kibali, kisha msajili wa halmashauri alifuate hapo hapo lilipo. Mpaka katikati ya miaka ya tisini, asiyetaka nyumba ya ibada alikwenda ofisi ya msajili, akatia saini, akatoka. Sheria ya mwaka 1994, iliyoanza kufanya kazi mwaka uliofuata, ndiyo iliyowaamsha wenye mahoteli na makasri. Leo unaweza kuolewa kwenye bustani ya wanyama ya London ukitaka. Hata chombo cha majini kinakubaliwa, ilimradi kimefungwa gatini na hakiendi popote.

Haya sikuyajua kwa kusoma sheria. Niliyajua kwa kuwa shangazi.

Binti wa kaka yangu, mzaliwa wa Leicester, alichumbiwa na kijana wa Kent, mpole, aliyeslimu kwa hiari yake na anayekula ugali kwa mkono bila kuombwa. Nikah ingefungwa msikitini, hilo halikuwa na maneno. Lakini msikiti usiposajiliwa kwa ndoa, nikah peke yake serikali haiitambui, kwa hiyo ilibidi iwepo na ya msajili. Na hiyo ya pili ndiyo aliyoitaka bibi harusi iwe mahali pa maana. "Shangazi, nataka pawe pa kistaarabu," aliniambia. Nikamwambia kaka. Kaka akasema pa kistaarabu ni nyuma ya nyumba yake, chini ya turubai, na sufuria tatu za pilau.

Nyuma ya nyumba hapawezekani. Tangu Julai 2021 ndoa inaruhusiwa kufungwa nje, kwenye nyasi, lakini nyasi zenyewe ziwe za jengo lililokwisha kupata kibali. Kaka alisomewa habari hizo mara mbili, akavua miwani. "Kwa hiyo nyasi za tajiri zimesoma, zangu hazijasoma." Kijana akapendekeza Scotland, ambako kibali anacho mfungishaji na si jengo, na watu huoana hata juu ya mlima. Akatutajia kijiji cha Gretna Green, mpakani, ambako tangu mwaka 1754, sheria ya Uingereza ilipokaza kamba, vijana waliokataliwa na wazazi walikuwa wakikimbilia wakaozeshwe na mhunzi kwenye fuawe lake. Alidhani ni kisa cha kupendeza. Mama yangu, aliyekuja kutoka Tanga kwa ajili ya harusi hii na tasbihi mkononi, alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mjukuu wangu hatoroshwi."

Basi tukaanza kuzunguka majumba.

Kitu cha kwanza kinachomshangaza mtu wa pwani ni kwamba kwa Waingereza uzuri ni uzee. Ukumbi wa fahari Dar es Salaam ni ule ambao rangi haijakauka vizuri: taa za kubadilika, viti vimevishwa vitambaa na kufungwa ribini, jukwaa la maharusi limeinuliwa na maua ya plastiki yamemwagwa mpaka chini. Kwao, zulia likichakaa mpaka nyuzi zikaonekana, bei inapanda. Tuliingizwa chumba chenye vichwa vya kulungu ukutani na picha za mabwana waliovaa nywele za bandia, wote wamekufa, wote wamekasirika. Choo kilikuwa ng'ambo ya ua, kwenye mvua. Mama wa kijana, bibi mwenye sauti ndogo na viatu vya shamba, alitwambia kwa unyenyekevu kwamba dari lile limekaa vile tangu zama za mfalme fulani. Mama akalitazama dari. "Na hawakupata nafasi ya kulipaka chokaa?"

Mambo yalipendeza zaidi tulipopanga kwenda Leeds Castle, ngome iliyosimama juu ya visiwa vidogo ndani ya ziwa, ambayo katika zama za kati ilikuwa mali ya malkia wa Uingereza, mmoja baada ya mwingine. Kwa shughuli nzito kama hiyo mjomba wa bibi harusi lazima awepo. Bila kauli ya mjomba, posa yenyewe ina dosari. Mjomba akasema tusimpitie, atakuja na gari lake. Tulipokuwa tumekwisha kufika na kuwaona bata maji weusi, simu ikalia.

"Nimefika Leeds. Ngome yenu iko upande gani wa kituo cha mabasi?"

Leeds Castle iko Kent, kusini mashariki ya London, karibu na Maidstone. Mji wa Leeds uko Yorkshire, kaskazini, zaidi ya kilomita mia tatu kutoka hapo. Majina yametokea kufanana kwa sababu ngome imekaa karibu na kijiji kidogo kiitwacho Leeds, nacho hakina kituo cha mabasi cha kumpoteza mtu. Mjomba hakukubali haraka. Alimuuliza dereva wa teksi, Mpakistani mtu mzima, aliyemwambia kwa huruma kwamba yeye si wa kwanza. Akanunua sambusa, akakaa garini, akatoa kauli yake kwa simu: ngome imekataliwa.

Kusema kweli ingekataliwa hata bila yeye. Pale pana makumbusho ya mikanda ya shingoni ya mbwa, ya zamani kabisa, mingine ina miiba ya chuma ya kumkinga mbwa na mbwamwitu. Mama alipoelezwa alisimama kidogo. Muda huo tulikuwa tumekwisha kuambiwa, kwenye jumba jingine, kwamba chetezo hakiruhusiwi kwa sababu udi utaviamsha vitambua moshi. "Mbwa wana makumbusho," alisema, "sisi hatuna pa kufukizia." Hakuna aliyekuwa na jibu, hata mama wa kijana, ambaye ana mbwa watatu.

Nirudi kwenye jumba hilo jingine, ambalo silitaji. Ndilo lililokaribia kutuchukua. Lilikuwa na ngazi ya mviringo ambayo bibi harusi alishajiona akishuka nayo, na bustani ya waridi, na msimamizi mwembamba mwenye jalada la kurasa nyingi. Kila tulipouliza kitu, alifungua ukurasa. Mchele wa kurushia maharusi? Hapana, maua makavu tu, na yawe nje. Mishumaa? Ya betri. Wapishi wetu? Wapo watatu kwenye orodha ya nyumba, wateule, na hakuna aliyewahi kuisikia habari ya biriani. Vinywaji vyetu? Vinaruhusiwa, ila kila chupa tutakayoileta ina ada ya kufunguliwa. Kaka alieleza kwamba sisi hatunywi pombe, tutaleta juisi ya ukwaju kwenye madumu. Msimamizi akafikiri, akatafuta ukurasa, akauliza dumu moja ni sawa na chupa ngapi.

Kisha akatufundisha habari ya wageni wa mchana na wageni wa jioni. Chumba kinabeba watu themanini kwa mujibu wa watu wa zimamoto. Hao themanini wanashuhudia ndoa na kula. Wengine wanaalikwa kuanzia jioni, waje kucheza na kupata kipande cha keki. Kwao ni jambo la kawaida, kadi zenyewe huchapwa za aina mbili. Nilimwona kaka akihesabu kimya kimya. Kwetu themanini hawatoshi hata kumenya viazi. "Yaani," akanong'ona, "nimwandikie dada yangu wa Milton Keynes kadi ya kumwambia aje baada ya watu kula?" Nikamwambia amwandikie, ila kadi aipeleke mwenyewe, na avae kofia ngumu.

Hata hivyo bibi harusi alikuwa bado anaitazama ngazi, na tungekubali, kama si kisanduku.

Kilikuwa ukutani, juu ya mlango wa ukumbi wa kuchezea, na taa tatu: kijani, njano na nyekundu. Majumba mengi ya mashamba yanavyo, kwa sababu ya malalamiko ya majirani. Kina kipaza sauti ndani, kinasikiliza chumba. Kelele ikizidi kiwango kilichotegwa kwa sekunde kadhaa, kinakata umeme wa soketi za wapiga muziki. Hiki kilitegwa kwenye desibeli 90. Mazungumzo ya kawaida ni kama 60, alisema msimamizi, kwa hiyo nafasi ipo ya kutosha. Akawasha muziki wa piano kutuonyesha. Kijani. Akaupandisha. Njano. Kila mtu akatikisa kichwa kwa heshima.

Sasa huyu msimamizi, kwa nia njema kabisa, akamgeukia mama akasema, "Na hapa ndipo bibi harusi ataingia."

Mama hakuhitaji tafsiri. Aliona mkono umeelekezwa mlangoni, akamwona mjukuu wake amesimama pale na machozi yanamlengalenga, akaweka tasbihi mkobani. Kigelegele cha mama yangu kilikwisha kutajwa Ngamiani nzima, kule Tanga, kabla sijazaliwa. Hakina haraka, kinaanzia chini, kinapanda, kinakaa huko juu kikitetemeka, na umri umekiongezea makali. Nami nikaitikia, maana huwezi kumwachia mzazi kigelegele peke yake. Taa ilipita njano bila kusimama. Nyekundu. Piano ikafa. Nje, tausi akajibu.

Msimamizi alikitazama kisanduku, akatutazama sisi, akafungua jalada. Nadhani alitafuta ukurasa wa bibi.

Aliuliza, kwa adabu, kama siku yenyewe tukio hilo linatarajiwa kutokea zaidi ya mara moja. Bibi harusi ndiye aliyemjibu, Kiingereza chake cha Leicester kimenyooka: kutakuwa na wanawake wapatao hamsini wa namna hiyo, nao hawapokezani, huenda pamoja. Alipomaliza, aliipa ngazi mgongo. Mama wa kijana, tukielekea garini, akamshika mama mkono na kumwomba amfundishe. Walifanya mazoezi njia nzima. Yule bibi ana ulimi mzito, ila pumzi anayo.

Tumepata ukumbi wa zamani wa manispaa, wa zama za Malkia Victoria, mji jirani. Kibali unacho. Ngazi ni ya saruji, lakini jiko ni la kwetu siku nzima, na mlinzi wake, mzee wa Kijamaika, alipoulizwa kuhusu kelele alicheka tu. Siku hiyo hiyo maharusi watarajiwa walikwenda kwa msajili wao kutoa taarifa ya ndoa, ambayo hubandikwa siku 28 ili mwenye pingamizi ajitokeze. Kaka aliomba kujua kama mjomba anahesabika.

Watu wa zimamoto wameuruhusu ukumbi kubeba mia moja na hamsini. Kaka amekwisha kugawa kadi, nyingi zimeandikwa "na familia". Sasa anaiandikia halmashauri kuomba barabara ya mbele ifungwe Jumamosi hiyo, ili waliozidi wakae chini ya turubai. Fomu ipo, ni ile ile wanayojaza Waingereza kwa sherehe za mtaa. Kuna sehemu inayouliza sababu ya kufunga barabara, wamekuachia mistari sita. Kaka ameandika: pilau.