Mpira wa Mikono Mirefu

Nimefundisha Kiswahili Tanga kwa miaka 22, na katika miaka yote hiyo nimepunjwa sokoni kwa sababu ya haraka, kwa sababu ya macho, na mara moja kwa sababu ya harufu ya mishikaki iliyonitoa akilini. Lugha haijawahi kuniponza. Kwa hiyo Novemba 2022, mdogo wangu dereva wa malori alipotangaza kwamba amepata mchumba Bukavu, wazee wa ukoo hawakuhangaika kutafuta mtu wa kwenda kumsimamia. "Aende mwalimu," wakasema. "Kule wanasema Kiswahili." Mwaka huohuo Kongo ilikuwa imejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nikajiona kama mtu anayevuka ua kwenda kwa jirani kuomba chumvi.

Usiku wa kwanza, tukiwa ukweni tunakula bugali na sambaza za kukaanga, kaka wa bibi harusi akatoa wazo. Kombe la Dunia lilikuwa linaanza Qatar, na Kongo haikuwemo. Morocco ilikuwa imewafunga 4-1 kule Casablanca mwezi Machi. Basi na sisi tuwe na kombe letu: upande wa bibi harusi dhidi ya upande wa bwana harusi, Alhamisi jioni. Mtu mwenye busara angeendelea kula sambaza. Mimi nikasema kwamba nilipokuwa chuo cha ualimu nilicheza winga ya kulia, na kwamba beki mmoja aliomba kuhama chuo kwa ajili yangu. Kila nilipomeza tonge, mabeki waliohama waliongezeka. Tulipofika kwenye kunawa walikuwa wanne, na mimi nilikuwa nahodha.

Tatizo ni kwamba mkobani nilikuwa na jozi mbili tu za viatu: makubadhi, na vile vya harusi.

"Usijali, yaya," akasema shemeji. "Kesho tutaenda Kadutu. Kila kitu iko."

Kwetu yaya ni mtu wa kulea watoto. Nililala nikijiuliza ni watoto wa nani nitaachiwa wakati wenzangu wanacheza. Asubuhi mdogo wangu akanieleza kwamba kule yaya ni ndugu mkubwa, na kwamba nimepewa heshima. Hilo lilikuwa onyo la kwanza. Nililichukulia kama sifa.

Upande wa fedha nilijiona nimejipanga. Mtu mmoja aliyewahi kufika huko alikuwa ameniambia kwamba Kongo dola inatumika sokoni kama fedha ya nyumbani. Kwa hiyo kabla ya kuondoka nilibadilisha shilingi zangu na kuomba noti 30 za dola moja moja, ili nikishapatana bei nisisubiri chenji.

Bukavu ni mji wa kupanda na kushuka, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mtu kama mimi, ambaye mlima wake wa kila siku ni ngazi za kwenda kwa mkuu wa shule, huko anahema hata akiwa amepakiwa kwenye pikipiki. Tulipofika juu, shemeji akanionyesha mji ulivyonyoosha rasi zake ndani ya Ziwa Kivu kama vidole vinavyopima ubaridi wa maji. "Ile inaitwa La Botte," akasema. Buti! Nikaiona ishara njema. Mji wenye buti la ukubwa ule hauwezi kushindwa kunipatia namba nane.

Nilianza na mpira, kwa sababu nahodha ndiye mwenye mpira. Soko la Kadutu limekaa mteremkoni, kila meza imeegemea nyingine, na kabla sijatia mguu vizuri, kijana mmoja akanipokea.

"Karibu, papa!"

Tanga papa huliwa, tena kwa nazi. Nikatabasamu kama anayefaa kwa mchuzi.

"Natafuta mpira," nikasema. "Wa bei nafuu."

"Mupira iko mingi sana. Unataka ya mikono mirefu ao mifupi?"

Nikaduwaa. Nimeona mipira ya ngozi, ya plastiki na ya makaratasi, lakini wa mikono sijapata kuuona. Kisha nikadhani nimeelewa: anauliza nafasi ninayocheza.

"Mimi si golikipa," nikamwambia. "Halafu, kijana, mpira *upo*, si *iko*. Ni ngeli ya u-i."

"Ata kama hauko golikipa, papa, baridi itakupiga." Akaniwekea mkononi sweta la rangi ya ugoro, lenye mikono mirefu hadi kwenye kucha.

Shemeji alicheka mpaka akashika nguzo ya banda. Kwao, kama kwa majirani zao wa Rwanda na Burundi, neno hilo moja ni la mpira wa kuchezwa na ni la sweta pia. Nikataka kurudisha, lakini nilikuwa nimeshapatana bei, na kwa mwalimu mkataba ni mkataba: dola nne. Nikahesabu noti nne za dola moja. Kijana akazitazama kama mtu aliyeletewa stempu.

"Hizi hapa hazipiti, papa."

Dola inatumika Bukavu, hilo ni kweli. Ila dola moja moja hazitakiwi, na hata noti kubwa ikiwa na mchaniko wa ukucha hurudishwa kwa mwenyewe. Nikabaki na utajiri wa noti 30 ambazo hakuna aliyezitaka. Shemeji akanikopesha franka 8,000, maana wakati ule dola ilikuwa kama franka 2,000, na tangu hapo nikawa nahodha anayefanya manunuzi kwa deni la timu pinzani.

Tukaenda kwenye jezi. Juu ya meza ilining'inia ya Arsenal, ambayo tangu 2018 mkononi ilikuwa na maneno ya kukaribisha watalii Rwanda. Shemeji akaigusa, akatazama vilima vya Rwanda ng'ambo ya maji. "Waingereza wanalipwa kuitangaza," akasema. "Sisi tunaiona bure." Pembeni kulikuwa na jezi nyingine yenye mistari minne begani. Nikasema Adidas ninayoijua ina mitatu. Muuzaji, mzee mwenye kofia ya sufu, akanijibu kwamba wa nne ni zawadi.

Tulikuwa tumeshaelewana franka 10,000 alipouliza, kwa kuzungumza tu: "Na wewe, papa, uko Muungano ao Dawa?"

Swali gani rahisi hivyo kwa Mtanzania? Nikanyoosha mgongo. "Mimi ni wa Muungano," nikasema, "tangu mwaka 1964. Na nitaulinda."

Shemeji akafumba macho. Mzee akaichukua jezi, akaikunja polepole, akaiweka chini ya meza. Ilipotoka tena ilikuwa franka 15,000. Nilikuwa nimemzungumzia Nyerere na Karume. Yeye aliniuliza kuhusu OC Muungano na OC Bukavu Dawa, watani wa jadi wa mji ule, wanaogombea ufalme katika uwanja wa Concorde, huko huko Kadutu. Na mzee alikuwa Dawa hadi kwenye kofia. Nikalipa 15,000. Sidhani kama kuna mwananchi mwingine aliyewahi kutozwa franka 5,000 kwa kuutetea Muungano.

Vya kulinda ugoko sikuvipata, kwa kuwa sikupata mtu wa kumweleza ugoko ni nini. Nilipoinama kuugusa, mama mmoja akanipa pole, akaniuzia dawa ya kuchua. Hiyo ndiyo Dawa pekee iliyonipokea siku ile.

Vikabaki viatu. Sisi tunaviita daluga. Kule wanasema godasi. Nikaomba namba nane.

"Nane?" akauliza muuzaji. "Huyo mutoto amekwisha kuzaliwa?"

Kongo wanapima kwa namba za Kifaransa, ambazo kila moja ni theluthi mbili za sentimita. Nane yangu ya Kiingereza kwao ni 42. Shemeji alinieleza hayo vizuri kabisa. Lakini nilikuwa nimeshindwa kwenye mpira, kwenye dola na kwenye Muungano, na hapa nilikuwa nimeamua kushinda. Nikasema nataka kuona nane kwa macho yangu. Mvua ikaanza, maturubai yakashushwa, giza likaingia, na katika rundo la mitumba nikaiona jozi iliyofungwa pamoja kwa kamba: kushoto 8, kulia 8. Nikamwonyesha shemeji kama mwanafunzi anayeonyesha jibu. Nikalipa, tukakimbia.

Niliyoyagundua Alhamisi, uwanjani, ni haya. Kiatu cha kushoto kilikuwa nane ya Uingereza. Cha kulia kilikuwa nane ya Marekani, ambayo ni ndogo zaidi, milimita chache tu, lakini vidole vinazihesabu zote. Pia kushoto kulikuwa na njumu fupi za plastiki, na kulia njumu sita ndefu za chuma. Mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa na udongo umekuwa sabuni. Mguu wa kulia ukishika, wa kushoto unateleza kuuzunguka. Sikuwa winga tena, nilikuwa bikari. Ungenipa chaki ningechora duara la katikati.

Kufika dakika ya kumi nikalegeza kamba za kulia, vidole vipumue. Dakika ya kumi na moja tukapata mpira wa adhabu, na kama nahodha nikajitolea. Mwaka 1974, Zaire ilipokuwa timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia, Mwepu Ilunga alichomoka kwenye ukuta akaufyatua mpira wa adhabu uliokuwa wa Brazil, na dunia ikamcheka miaka mingi. Siku hizi namtetea. Yeye angalau aliupiga. Mimi nilikuja mbio, nikaukita mguu wa kulia, nikajirusha mzimamzima: mpira ukabaki, kiatu kikabaki, nikaenda mimi. Nilipogeuka, kiatu kilikuwa kimesimama peke yake matopeni, kimeshika nafasi vizuri kuliko nilivyoishika mimi jioni ile.

Mdogo wangu, bwana harusi, ndiye aliyeomba nitolewe. Alisema ni kwa ajili ya picha za Jumamosi.

Nikakaa kwenye benchi la wakwe. Baridi ikapanda kutoka ziwani, ile ambayo kijana wa Kadutu alinitajia, na mifupa ya Tanga haina pa kujificha. Nikafungua mkoba, nikatoa sweta la rangi ya ugoro, nikalivuta hadi shingoni na mikono yake hadi kwenye kucha. Kwa mara ya kwanza tangu nifike, nilikuwa na kitu kilichonitosha.

Mtoto wa shemeji, wa miaka sita hivi, akaja akasimama mbele yangu.

"Papa, hauchezi mupira?"

Nilifikiria ngeli ya u-i. Nilifikiria miaka 22 ya kalamu nyekundu.

"Ninaivaa," nikamjibu.

Akatikisa kichwa kwamba ameelewa, akakaa pembeni yangu. Ilikuwa sentensi yangu ya kwanza Bukavu ambayo hakuna aliyeniomba niirudie.