Mjumbe Auawe: Mwongozo wa Kumiliki BMW ya Mtumba

Kwanza, hongera. BMW 325i, umbo la E90, silinda sita, imeshuka bandari ya Dar es Salaam ikitokea Japani, na imepewa namba E mbichi kabisa. Mashemeji wameshaiona. Jirani aliyekuwa akikupigia honi getini sasa anasubiri upite wewe kwanza. Kazi kubwa umeimaliza. Kilichobaki ni kuhakikisha gari linaendelea kuonekana zima. Kuwa zima kweli ni mradi mwingine, una bajeti yake, na hauhusiani na mwongozo huu.

Hatua ya kwanza: shinda vita ya dashibodi

Taa ndogo ya njano yenye umbo la injini itawaka. Hiyo ndiyo cheki injini. Ni umbea uliowekwa kisheria: Marekani ililazimisha mfumo huo kwenye magari mapya tangu mwaka 1996, Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001, na ndiyo maana chini ya usukani kuna tundu la pini 16 linalosubiri mtu aje kuuliza maswali. Injini yako imejaa masikio. Kuna sensa inayopima hewa inayoingia, sensa mbili za kamshafti, sensa ya krenki, sensa nne za oksijeni kwenye bomba la moshi, na nyingine za joto la maji, oili na kila kinachoweza kulalamika.

Kistika kidogo cha Simba au Yanga kinatosha kuifunika taa. Chagua timu ya abiria wako mkuu, si yako.

Akitokea mtu mwenye macho makali akauliza, mjibu kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na utajiri: "Ni sensa tu." Yafanyie mazoezi maneno hayo. Injini ikitetemeka kwenye foleni ya Ubungo, ni sensa tu. Gari likinywa petroli kama msafara wa waziri, ni sensa tu. Uzuri wake ni kwamba yanafanya ubovu usikike kama teknolojia. Mwenye Toyota IST hana la kusingizia. Gari lake likiharibika, limeharibika.

Hatua ya pili: chagua fundi anayekubaliana na wewe

Mafundi wapo wa aina mbili. Wa kwanza atakuomba umwachie gari siku nzima. Atapima waya kwa mita, atapuliza moshi kwenye mabomba ya hewa kutafuta penye mwanya, atang'oa plagi azitazame rangi, na mwisho atakwambia jambo la aibu, mfano kwamba una mpira wa hewa uliopasuka. Mkimbie. Hakuna mtu aliyewahi kupata heshima baa kwa kusimulia mpira wa hewa.

Wa pili ana kidude cha bluetooth na simu yenye kioo kilichopasuka. Anakichomeka, anasubiri kidogo, anasoma "P0171", anatikisa kichwa na kusema, "Bosi, sensa hiyo." Huyu ndiye wako.

Kwa siri, tuseme ukweli mimi na wewe: P0171 haisemi sensa imekufa. Inasema mchanganyiko una hewa nyingi mno kwa petroli iliyopo, upande wa kwanza wa injini. Sababu yaweza kuwa mpira uliopasuka, pampu ya petroli iliyochoka, nozeli iliyoziba, au sensa ya hewa iliyoshika vumbi ambayo ingepona kwa kupuliziwa dawa yake maalumu. Sensa ni shahidi aliyekwenda polisi kutoa taarifa, na sisi tunamweka yeye ndani. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Wahenga hawakuwa na BMW.

Hatua ya tatu: nunua sensa kwa macho

Nenda Gerezani, Kariakoo, ukiwa umevaa nguo za kawaida, na uliache gari mbali. Ukifika nalo dukani, bei itakuwa imeshakuona kabla hujamsalimia muuzaji. Utaonyeshwa madaraja matatu. La kwanza ni mpya, ndani ya boksi la kampuni. La pili ni mpya, ndani ya boksi linalofanana na la kampuni, isipokuwa herufi moja imepotea njiani. La tatu ni mtumba wa Dubai, yaani sensa iliyotolewa kwenye gari jingine lililokufa kwa sababu ambayo hakuna aliyeiuliza.

Nunua la pili, lakini boksi usilitupe. Liweke kiti cha nyuma, upande unaosomeka. Boksi litafanya kazi kubwa kuliko kilichokuwemo.

Sasa, sensa ipi? Hapa fuata kanuni moja: badilisha iliyo karibu na mkono. Ya hewa iko juu kabisa, jirani na boksi la chujio, skrubu mbili tu imetoka. Ya krenki imejificha chini, mahali ambapo fundi atachubuka vidole na kukudai fidia. Kwa hiyo kama gari linazima likishapata moto, kisha linawaka tena vizuri likipoa, jambo ambalo ni tabia maarufu kabisa ya sensa ya krenki inayokata roho, wewe anza na ya hewa. Isiposaidia, za kamshafti. Isiposaidia, koili zote sita na plagi. Ya krenki iweke mwisho, gari likiwa limeshakuzoesha kupumzika kando ya barabara.

Hatua ya nne: uza masega

Ndani ya bomba la moshi kuna masega yenye platinamu, paladiamu na rodiamu, na kuna vijana wanaoyanunua bila kukuomba kitambulisho. Uza. Gari litanguruma zaidi, na watu watadhani umeongeza nguvu.

Tatizo ni kwamba sensa mbili za oksijeni zinakaa baada ya masega kuyachunguza, na zitaandika P0420: masega hayafanyi kazi. Ni kweli, hayafanyi kazi, yako mjini yanatafuta maisha. Fundi atakuwekea kipande cha bomba kinachoisogeza sensa nje ya njia ya moshi, ipate harufu kidogo tu na ijiridhishe. Harufu itakayoingia ndani ya gari ni ya abiria wa nyuma.

Hatua ya tano: futa, usitengeneze

Kidude kile cha bluetooth kina kitufe cha kufuta. Futa Ijumaa jioni. Kompyuta itaanza kujikagua upya, na ukaguzi huo unataka mwendo wa aina aina kabla haijathubutu kukuwashia taa tena. Hapo katikati kuna harusi nzima, kuanzia ukumbini mpaka kusindikiza maharusi. Angalizo dogo: mnunuzi mwenye kidude kama hicho ataona kwamba majaribio ya kompyuta hayajakamilika, atajua umefuta juzi. Mnunuzi wa aina hiyo hakufai.

Oili usijisumbue nayo. Injini hii haina kijiti cha kuchomoa na kupangusa kwa tambara kama gari la babu. Kiwango cha oili kinapimwa na sensa, kinasomwa kwenye kioo. Kama kioo chako bado kinaongea Kijapani, basi umeshapata usingizi. Na betri, iliyolala kwenye buti, nayo ina sensa yake shingoni. Ukiweka betri mpya, kompyuta inatakiwa ijulishwe, la sivyo itaendelea kuichaji kama ile kikongwe uliyoitupa. Kujulisha kompyuta kunataka mashine yenye programu ya kazi hiyo. Usijulishe. Betri ikifa mapema, unajua la kusema.

Hatua ya sita: jiandae kwa safari

Utakwenda Iringa kuhudhuria kipaimara, na utakwenda na gari hilo, maana hakuna anayekwenda kipaimara ili kipaimara ndicho kionekane.

Wapo watakaokushauri ubebe pembetatu mbili, mtungi wa kuzimia moto, tochi, kamba imara, maji, sensa ya krenki ya akiba na spana za kuifungulia. Watu hao wana Land Cruiser mkonga na hawana marafiki. Buti lako lina sabufa, na sabufa haipendi kubanwa.

Spea tairi? E90 nyingi ziliondoka kiwandani bila spea, kwa sababu matairi yake yalitengenezwa kuvumilia pancha: unaendelea kilomita kama 80 kwa mwendo usiozidi 80 kwa saa. Lakini wewe, ulipoona bei ya tairi la namna hiyo, uliweka la kawaida. Sasa huna tairi linalovumilia, wala spea, wala mahali pa kuweka jeki. Endesha kwa imani.

Kuchemsha nako kuna adabu zake. Pampu ya maji ya injini hii haizungushwi na mkanda, ina mota ya umeme, na inaweza kukata roho bila kuvuja hata tone. Kompyuta itapunguza nguvu kuinusuru injini na kioo kitaonyesha onyo jekundu. Washa muziki. Ukilazimika kusimama, mimina chupa zote za maji ya kunywa, mbele ya watoto. Hayatasaidia, kwa kuwa hakuna wa kuyasukuma yazunguke, lakini utaonekana unashughulika.

Chagua vizuri mahali pa kuharibikiwa. Chalinze panafaa, pana nyama choma. Ila gari lako, ninavyolijua, litasubiri Mikumi, ambako barabara kuu inakatiza ndani ya hifadhi kwa kilomita kama 50. Injini imeshapata moto wa kutosha, sensa ya krenki inanyamaza, mshale wa mzunguko unaanguka, na kimya kinaingia. Hapo utakuwa na tatizo la kiutaratibu: barabara inakutaka ushuke uweke pembetatu au walau matawi nyuma ya gari, hifadhi inakutaka usishuke kabisa. Nyati hawajatoa msimamo. Kaa ndani, funga vioo, subiri injini ipoe, na mweleze mama mkwe kwamba umesimama makusudi ili aone twiga.

Ukizimikiwa nje ya hifadhi, usifungue boneti kamwe. Boneti iliyofunguliwa ni kukiri kosa. Simama hatua chache pembeni, miwani ya jua usoni, simu sikioni. IST itapunguza mwendo, lazima ipunguze, hiyo ndiyo siku yake.

"Vipi bosi, limekuzingua?"

"Hapana kaka, kuna mtu namsubiri."

Atakwenda zake akicheka. Mwache. Baada ya saa mbili litakuja Fuso, na utingo atauliza kamba ifungwe wapi. Gari lina pete maalumu ya kuvutia, inafungwa kwa kuzungushwa kwenye tundu lililofichwa nyuma ya kifuniko cha bampa, na kawaida hukaa na vifaa vya gari kwenye buti. Yako ilitolewa kupisha sabufa. Utingo atafunga kamba kwenye chuma chochote kitakachomkubali, na utavutwa magurudumu ya nyuma yakizunguka huku pampu ya mafuta ya giaboksi ya otomatiki imelala kwa sababu injini imezima. Ukifika Morogoro, giaboksi nayo itakuwa na maoni yake. Usukani utakuwa mzito na breki ngumu kama jiwe. Tabasamu, watu wanapiga picha.

Hatua ya saba: muuzie mwenzako

Osha, piga polishi, futa makosa, toa kistika. Tangaza hivi: "BMW 325i, namba E, AC kali, muziki mnene, haijawahi kuguswa injini, bei inapungua kidogo. Sababu ya kuuza: mwenye gari anasafiri." Weka picha kumi za viti na moja ya lile boksi.

Mnunuzi mkutanishe na gari Masaki, asubuhi na mapema, injini ikiwa ya baridi. Mpe funguo mwenyewe, kwa roho nyeupe, azunguke mpaka Coco Beach na kurudi. Likiwaka, tabasamu. Akiuliza habari ya taa, unajua jibu. Akiomba alijaribu mpaka Kibaha, mwambie kwa masikitiko kwamba umepata msiba.