Mwenye Sare Apite

Baba mdogo anaishi Benaco, wilayani Ngara, pale dunia ilipopajua mwaka 1994 kwa kambi ya wakimbizi, na madereva wanapopajua leo kwa chakula na kitanda kabla ya kuvuka Rusumo. Alikuwa utingo miaka mingi. Siku nilipoteleza ulimi nikamwambia kazi yangu ni kusimamia makontena, alinitazama kwa heshima ambayo hajawahi kunipa tangu nifeli hesabu darasa la saba. Toka hapo kila nikija likizo swali ni lile lile: "Mwanangu, mzigo umevuka?"

Sijapata ujasiri wa kumwambia kwamba makontena yangu hayana matairi. Ni vifurushi vya programu, kila kimoja na kazi yake na vikorokoro vyake, vikipangwa na Kubernetes, jina la Kigiriki lenye maana ya mshika usukani. Vinaishi kwenye kompyuta za kukodi ambazo watu wanaziita wingu. Kontena likitaka kugusa stoo ya mafaili hupewa wadhifa kwa muda, kwa kawaida saa moja. Yaani linakaimu. Na aliyewahi kufanya kazi ofisini anajua, hakuna wa kuogopwa kama anayekaimu.

Mwaka jana mdogo wangu alioa Biharamulo, nami nikapewa uenyekiti wa vinywaji. Nikaweka mgambo mlangoni kwa stoo, nikampa amri moja: "Mwenye sare ya kamati apite." Nilichosahau ni kwamba mama alinunua kitenge cha kamati kwa majora, akaugawia ukoo mzima, wa Ngara na wa Biharamulo.

Saa mbili usiku nikakuta foleni.

"Afande, hawa ni akina nani?"

"Kamati."

"Wote? Hadi kwaya?"

"Mzee, sare si ndiyo hiyo?"

Bibi harusi alikuwa hajaingia ukumbini, bia zilikuwa zimeshatoka.

Nikiwa nahesabu kreti tupu, simu ikaita kutoka kazini: ankara za mteja zimefutika.

Nikahisi jasho. Tangu 2019 wingu la Amazon lina utaratibu mzuri tu: kontena linaloomba wadhifa lionyeshe hati inayotaja jina lake na kitongoji chake, iliyogongwa muhuri na kijiji linakoishi, yaani kundi lake la kompyuta. Anayetoa wadhifa anaandika sharti: namwamini fulani, wa kitongoji fulani, basi. Mimi, Ijumaa ile nikiwahi basi la kuja harusini, mahali pa jina na kitongoji niliweka kinyota. Kinyota kwa lugha ya kompyuta maana yake "yeyote". Wakati huohuo nilikuwa na kontena la majaribio, kazi yake kufagia mafaili ya zamani. Mipangilio yake niliinakili kutoka kontena la ankara, nikasahau kubadili wadhifa. Likabisha hodi kwenye stoo ya mteja, likaulizwa muhuri wa kijiji. Muhuri ulikuwepo. Likapita, likafagia.

Nilikuwa nimejiandaa kumfokea mgambo. Nikamwachia.

Shangazi ndiye aliyeokoa sherehe. Alikaa juu ya kreti mlangoni, daftari la kaunta mapajani. "Jina lako? Umetumwa na meza ipi? Unachukua nini, ngapi?" Nami nikafungua laptop pembeni yake, nikaandika vilevile: jina la kontena, kitongoji chake, na linachoruhusiwa. Kusoma ankara na kuongeza mpya, sawa, kufuta, marufuku. Mafaili yalirudi, maana ile stoo hutunza matoleo ya zamani. Bia hazina toleo la zamani.

Koo likiwa limekauka, nikamwomba shangazi soda moja. Akapekua daftari.

"Jina lako halimo."

"Shangazi, mimi ndiye mwenyekiti wa vinywaji!"

"Ndiyo maana halimo."

Asubuhi simu tena: safari hii kontena halali la ankara limezuiwa. Katika haraka ya usiku niliandika "ankra". Wakati narekebisha, baba mdogo akaja na chai yake.

"Mzigo umevuka?"

"Limezuiwa moja, baba. Herufi moja ya jina."

Akakaa polepole, kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

"Herufi nne, tarakimu saba," akasema. "Kontena ndivyo linavyoitwa. Kuna mpaka mmoja, siutaji, nililala chini ya lori siku tatu kwa sababu ya sita iliyoandikwa kama sifuri."

Tukanywa chai kimya. Kwa mara ya kwanza nilihisi tunafanya kazi moja, nikakaribia kumwambia ukweli wote.

"Pole sana, mwanangu," akanishika bega. "Hilo lililozuiwa ni la Kigali au la Bujumbura?"