Tondozi za Pembetatu Nyekundu

Mnazi umesifiwa, jahazi limesifiwa, ng'ombe ametungiwa tondozi ndefu, na khanga haikosi wapambe. Ila pembetatu nyekundu yenye alama ya mshangao, ile inayowaka kwenye dashibodi ya Prius saa moja na nusu asubuhi gari likiwa katikati ya foleni ya Ubungo, mpaka leo haijapata wa kuiimbia. Wasioizoea wanaiogopa, walioizoea wanaitukana, na mafundi wanaokula kwa mgongo wake hawajawahi kusema ahsante. Dhuluma hiyo imetosha.

Nasaba kwanza, kama ada ya kusifu inavyotaka. Magari ya zamani yalikuwa na mishale: wa joto, wa presha ya oili, wa chaji, na dereva alitakiwa ajue mshale upi ukilala upande gani kuna balaa gani. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Hudson ya Marekani ikawa miongoni mwa za kwanza kung'oa baadhi ya mishale hiyo na kuweka taa mahali pake. Wamarekani, watu wasio na haya, wakaziita taa za wajinga. Kutoka katika ukoo huo uliodharauliwa ndipo alipozaliwa mtukufu wetu. Desemba 1997 Toyota ilianza kuuza Prius nchini Japani: injini ya petroli, mota za umeme, betri ya volti zaidi ya 200, na kompyuta kadhaa zinazosemezana zenyewe kwa zenyewe bila kumshirikisha mwenye gari. Kueleza yote hayo kwa mishale kungehitaji dashibodi ya ukubwa wa kabati. Wahandisi wakaona heri kupunguza maneno.

Na kweli wameyapunguza. Pembetatu yenyewe haina ugonjwa wake maalumu. Inapiga mbiu tu kwamba mahali fulani kwenye gari kuna mwenzake ana neno. Neno gani, haisemi. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini mawingu angalau hujulikana yanaleta mvua. Pembetatu haiahidi kitu, na kwa hiyo haijawahi kushikwa kwa uongo.

Afrika Mashariki imeongezewa utamu ambao Wajapani wenyewe hawaujui. Prius, Aqua, Fit na Vezel nyingi zinazoshuka Mombasa na Dar es Salaam ziliuzwa kwanza Japani, kwa hiyo zinazungumza lugha ya kwao. Kenya hailipokei gari la mtumba lililozidi miaka minane. Tanzania inalipokea lakini inalitoza uchakavu. Hakuna kati ya nchi hizo mbili inayolidai lijue Kiswahili. Kila asubuhi gari likiwashwa, sauti ya dada wa Kijapani inamkumbusha dereva kwa adabu kwamba hajachomeka kadi ya ETC, kadi ya kulipia barabara kuu za Japani bila kusimama. Dereva wa Sinza hana kadi hiyo na hatakuja kuwa nayo, lakini yule dada hajakata tamaa. Wapo waliokwisha kumzoea hata wanamwitikia.

Siku pembetatu inapowaka, maandishi yanayofuatana nayo huwa ya lugha hiyohiyo. Kitabu cha gari kimo kwenye kisanduku cha mbele ya abiria, nacho ni cha Kijapani vilevile. Dereva anapiga picha kwa simu, programu ya kutafsiri inahangaika, na mwisho unapatikana ujumbe: kagua mfumo wa haibridi, simama mahali salama, wasiliana na muuzaji. Ushauri wa busara kabisa. Muuzaji yuko Nagoya.

Upana wa maana zake nao unastahili vigelegele. Prius ikikaukiwa petroli, pembetatu inawaka kwa ukali uleule ambao ingewaka kama inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uifae mota, imeungua. Kompyuta imejaribu kuamsha injini, injini imegoma, na kompyuta, isiyotaka kumsingizia mtu, imeandika msimbo P3191, yaani injini haikuwaka. Haikuandika kwamba mwenye gari alipita vituo vitatu vya mafuta akisema hili gari halinywi. Dereva wa namna hiyo huita gari la kuvuta, hupelekwa gereji, na fundi mwaminifu humtoza fedha ya kidumu cha lita tano. Fundi wa aina nyingine huomba gari lilale.

Halafu kuna betri ndogo. Wengi huamini gari la haibridi lina betri moja, ile kubwa ya ajabu waliyotishwa nayo na shemeji zao. Kumbe zipo mbili, na inayoliamsha gari ni ya kawaida ya volti 12, ambayo kwenye Prius za kizazi cha pili na cha tatu imejibanza pembeni mwa buti chini ya kapeti. Haizungushi injini, maana Prius haina stata ya kawaida. Kazi yake ni kuziamsha kompyuta na kufunga swichi zinazoruhusu umeme wa betri kubwa upite. Ikidhoofika, kompyuta zinaamka na wenge. Moja inalalamikia breki, nyingine usukani, nyingine inadai haisikii sauti ya mwenzake, na dashibodi nzima inameremeta kama ukumbi wa harusi. Magari ya mtumba hupatwa na hili kirahisi, kwa kuwa yamekaa wiki kadhaa melini na nyingine bandarini na kwenye yadi bila kuwashwa.

Fundi mwenye kipima volti cha bei ya sahani chache za chipsi hulijua tatizo hilo palepale. Betri ndogo iliyo nzima, ikiwa imepumzika, husoma volti 12.6 hivi, ikishuka chini ya 12, hakuna sababu ya kuendelea kuituhumu inveta. Fundi asiye na kipimo huanza na betri kubwa, na hapo ndipo pembetatu inapotimiza wajibu wake wa kugawa kipato. Anakula mwenye mashine ya kupimia, anakula fundi umeme, anakula kijana wa spea wa Gerezani au wa Kirinyaga Road, anakula na yule mpita njia aliyeinamia boneti akasema, "Bosi wangu, hiyo ni sensa tu." Serikali ngapi zimebuni mpango wa ajira usiohitaji bajeti?

Mashine ya kupimia ina historia yake. Tangu mwaka 1996 kila gari jipya la abiria linalouzwa Marekani ni lazima liwe na tundu la pini 16, kwa kawaida chini ya usukani, ambalo chombo cha fundi yeyote kinaweza kuchomekwa. Lengo lilikuwa kudhibiti moshi. Matokeo yake ni kwamba leo kijana mwenye kifaa kidogo cha bluetooth na programu kama Dr. Prius kwenye simu anaweza kuketi kivulini na kusoma volti za betri kubwa fungu kwa fungu, kazi ambayo zamani ilikuwa ya wakala rasmi peke yake. Pembetatu inakataa kueleza. Tundu linaeleza kidogo. Heshima bado ni ya pembetatu, kwa sababu bila yake hakuna ambaye angejisumbua kulitafuta tundu.

Na hata maelezo ya tundu yana utani wake. Msimbo maarufu kuliko yote kwenye magari haya ni P0A80, ambao maana yake, bila kuzungusha, ni kwamba betri ya haibridi ibadilishwe. Baada ya kimya chote kile, gari limesema waziwazi, na siku hiyo ndiyo limetia chumvi. Kompyuta haijaikagua betri nzima na kuihukumu. Imelinganisha mafungu yake, ikaona moja linapwaya kuliko mengine kupita kiasi, ikakasirika. Betri ya Prius ya kizazi cha pili au cha tatu ina vipande 28 vilivyopangwa kama vitabu, kila kimoja na seli sita za volti 1.2, jumla volti 201.6. Ile ya Aqua ina vipande 20, volti 144. Mara nyingi mgonjwa ni kipande kimoja.

Kumtafuta ni kazi ya kutazamwa kwa karibu. Fundi anayejiheshimu huvaa glavu za mpira nzito, huchomoa kwanza plagi ya usalama ya rangi ya machungwa, kisha husubiri dakika kumi umeme uliobaki kwenye inveta uishe. Nyaya zote za machungwa ndani ya gari hilo zinaweza kuua, na huo ni ukweli ambao hata tondozi haiufanyii mzaha. Ndipo hufungua kifuniko, akagusisha ncha za kipima volti kipande baada ya kipande: 7.8, 7.8, 7.7, 7.8, halafu 6.5. Seli moja imekufa na imeondoka na volti yake. Pengine vipande vyote viko sawa, na vyenye kosa ni vile vibamba vya shaba vinavyoviunganisha, vimeota kutu ya kijani kwa unyevu, hivyo kompyuta inasoma uchafu na kuudhani ugonjwa. Msasa unatosha. Lakini gari limeandika betri ibadilishwe, na wapo wanaotii kila kilichoandikwa.

Anayebadilisha kipande kimoja naye asijione mjanja sana. Kipande kigeni kati ya wazee 27 hakizeeki sambamba nao, na baada ya miezi jirani yake hulegea. Pembetatu inarudi. Ina tabia ya kumkumbuka mtu.

Kisha kuna feni, na hapa sifa inageuka kuwa ya kifamilia. Betri ya Prius hupozwa kwa hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari kupitia kitundu kilicho pembeni mwa kiti cha nyuma, usawa wa kiwiko cha abiria. Mwenye gari hakukijua kitundu hicho alipolinunua. Watoto walikijua siku ya kwanza. Humo huingia maganda ya karanga, nywele, manyoya ya paka, na vumbi la mtu anayezima kiyoyozi na kushusha vioo ili abane petroli. Juu yake huwekwa kikapu cha sokoni. Feni huvuta mpaka ikakinai, betri hupanda joto, na betri iliyopashwa joto miaka mingi hufa kabla ya siku zake. Brashi na dakika chache zingeiokoa. Mtukufu anapowaka kwa sababu hiyo, kwa kweli anamtetea babu aliyezibwa pua na mkoba wa mgeni.

Wapinzani watasema taa hii imewahi kudanganya. Mwaka 2005 Toyota ililazimika kurekebisha Prius zipatazo 160,000 duniani, takriban 75,000 kati yake zikiwa Marekani, baada ya hitilafu ya programu kuwasha taa za tahadhari na kuzima injini ya petroli. Kosa lilikuwa la kompyuta; taa iliwaka kama ilivyoamriwa. Februari 2014 ikawa zamu ya Prius za kizazi cha tatu, safari hii milioni 1.9, kwa sababu programu ya inveta iliweza kuchosha baadhi ya vifaa vyake kwa joto hadi gari likapungukiwa nguvu au kusimama. Huko pembetatu na wenzake waliwaka kwa haki kabisa. Katika visa vyote viwili aliyekosea ana shahada ya uhandisi, na aliyelaumiwa barabarani ni taa.

Utukufu wake hasa hauonekani gereji. Unaonekana kwenye yadi, siku gari linapouzwa. Dalali anatafuta kamisheni, mwenye gari anatafuta ada ya shule, fundi aliyeletwa kukagua amekwisha kunywa soda ya mwenye gari. Katika mkutano huo ni taa peke yake isiyopata kitu gari likiuzwa. Ndiyo maana huandamwa. Wengine huibandika utepe mweusi, na hao hukamatwa kirahisi: kitufe cha kuwashia kikibonyezwa mara mbili bila kukanyaga breki, taa za tahadhari zinapaswa kuwaka kwa muda mfupi kujikagua, na iliyofungwa mdomo hujulikana kwa kutokuwaka. Walioendelea zaidi huifuta kwa mashine, au huchomoa betri ndogo usiku wa kuamkia siku ya mauzo. Dashibodi inakuwa safi kama ya siku gari lilipotoka kiwandani.

Ila kompyuta inapofutwa hupoteza pia kumbukumbu ya vipimo inavyojifanyia yenyewe, vya sensa za moshi na vinginevyo, na huhitaji safari kadhaa kuvikamilisha upya. Kwa hiyo mnunuzi aliyekuja na kifaa chake mfukoni hahangaiki na taa. Hufungua ukurasa wa vipimo, akaukuta karibu wote haujakamilika kwenye gari ambalo ameambiwa linakwenda Morogoro na kurudi kila wiki. Humwonyesha dalali simu, akamuuliza kompyuta ilifutwa lini. Dalali huitazama skrini kwa makini sana, akageuka kulitazama gari, kisha akasema, "Hapana bosi wangu, hili lilioshwa tu jana jioni. Nadhani ni maji."