Biashara Yetu

Mwanamke akifungua kibanda cha chakula, mtaa mzima hugeuka bodi ya wakurugenzi. Shemeji anataka kujua pesa imetoka wapi. Jirani anakula wali maharage, anafuta mdomo: "Niandikie, mama." Daftari la madeni linanenepa, sufuria inakonda.

Mtaji upo, tusiikosee serikali adabu. Sheria ya Tanzania inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 mikopo hiyo ikasimamishwa ili utaratibu urekebishwe, ikarudi 2024. Matumbo ya watoto hayakusimamishwa. Wakopeshaji wa kausha damu nao hawakufunga ofisi. Tofauti na halmashauri, hawaulizi katiba ya kikundi wala muhtasari wa kikao. Wanataka rejesho tu, na ukichelewa wanaondoka na friji.

Benki je? Wanakupokea kwa tabasamu, kisha wanaomba hati ya nyumba. Sheria ya Ardhi ya 1999 inakupa haki ya kumiliki sawa na mwanamume, ila hati iliyoko kabatini ina jina la baba watoto. Naye huyo, mwaka mzima ni "hicho kijibiashara chako". Ada ya shule ikidaiwa, ghafla inakuwa "biashara yetu".

Haya, mbia: kesho saa kumi alfajiri unga unakusubiri uukande.